Kamba Iliyojifunga Yenyewe

Leo ni siku ya nane, na bado naisikia sauti ya yule kijana wa lango la maji pale Jones Falls, kwenye mfereji wa Rideau huku Canada, sauti tulivu, isiyo na kejeli yoyote ambayo ningeweza kumlaumu kwayo, ikisema, "Basi imejifunga yenyewe." Katika siku hizo nane nimethibitishwa kazini baada ya miezi 18 ya mkataba wa muda, Baba Husna amepokea ile barua ya uraia, na wifi Mwanaisha tumemsindikiza uwanja wa ndege na masanduku yake yaliyozidi uzito, lakini kilichoniamsha juzi saa tisa za usiku, nikakaa kitako kitandani kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka, ni maneno hayo matatu.

Wanaonisoma tangu tuliponunua boti wanajua kwamba katika nyumba hii mimi ndiye mwenye sheria. Canada haimruhusu mtu kuendesha boti ya starehe yenye injini bila uthibitisho wa umahiri, ambao kwa walio wengi ni ile kadi ya mwendesha boti, na mimi niliufanya mtihani wake kabla ya Baba Husna na nikampita kwa alama, jambo ambalo nimelitaja hapa mara nyingi kuliko linavyostahili. Kwa hiyo tulipoamua kumpeleka wifi kwenye mfereji wa Rideau katika siku za mwisho za msimu, maana malango hufunguliwa katikati ya Mei na kufungwa Oktoba, nilimkalisha gatini kabla hatujaondoka nikampa darasa zima. Nilimweleza kwamba ndani ya lango injini huzimwa, feni ya ngama, yaani tumbo la chini la boti, ikaachwa inazunguka ili mvuke wa petroli usijikusanye chini, na kwamba sigara wala moto wa aina yoyote hauruhusiwi. Kisha nikafika kwenye kamba, na hapo nilisimama kabisa, kidole juu.

"Kamba haifungwi, wifi. Hushikwa tu."

Nilimweleza na sababu yake, kwa sababu napenda kueleza sababu. Lango la maji ni chumba cha mawe kinachojazwa maji au kupunguzwa ili boti ipande au ishuke, na haya ya Rideau yana urefu wa mita 40 hivi na upana wa mita 10, na ukutani zimeteremshwa nyaya zilizovikwa mpira. Boti ikiingia, unapitisha kamba yako nyuma ya waya na kuurudisha mwisho wake mkononi, moja ya omo, mbele, na moja ya tezi, nyuma, ili maji yanapopungua kamba iteleze na kushuka pamoja nanyi. Ukiifunga, maji yatashuka na boti itabaki, ikining'inia ukutani kama ndoo kwenye msumari, mpaka kamba ikatike au kile chuma cha kufungia king'oke sakafuni. Wifi alitikisa kichwa kwa heshima ambayo sasa naikumbuka kwa uchungu.

Safari yenyewe ilikuwa njema. Tulitoka ziwa la Big Rideau asubuhi yenye ukungu, tukapita lango la The Narrows, ambako kupanda ni kudogo kiasi kwamba wifi aliuliza kama tumeshaanza, na tukalivuka ziwa la juu, ambalo ndilo kilele cha njia yote ya kilomita 202 kati ya Ottawa na Kingston. Husna nilikuwa nimempa kazi ya kusoma namba za maboya. Anajua, kwa sababu nimemfundisha, kwamba ukipanda kutoka upande wa Ottawa boya jekundu hulibakiza kuliani kwako, na kwamba ukishalivuka lango la Newboro unaanza kuteremka kuelekea Kingston na wekundu unahamia kushoto. Anajua pia kwamba mekundu huwa na namba shufwa na ya kijani witiri. Hata hivyo alipaza sauti akasema, "Jekundu, sitini na tatu!" nami nikamwambia kwa ile sauti yangu ya mwalimu kwamba boya jekundu haliwezi kuwa sitini na tatu, aache kubahatisha. Tulipolifikia lilikuwa 68. Wote tulicheka, na yeye akacheka.

Jones Falls ina malango manne, na kila moja hukushusha zaidi ya mita nne, kwa hiyo hapo ndipo mtu huhisi kwamba anateremka kweli. Ukuta unapanda kando yako mweusi na wenye maji, mwani umeshikana katika maungio ya mawe, na sauti za walio juu zinaanza kusikika kama zinatoka dirisha la ghorofani. Wifi alikuwa ameketi karibu na tezi amejifunika khanga juu ya jaketi la kuokolea, na nyuma yake maji yalikuwa yakichuruzika ukutani kwa mstari mmoja mwembamba uliopata jua. Nilitaka picha. Nilikuwa na kamba mkono mmoja, simu iko mfukoni, na vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Oktoba. Nikapiga mizunguko miwili kwenye waya, nikakaza fundo dogo, fundo la nusu dakika tu, nikatoa simu.

Picha ni nzuri, na siwezi kuitazama.

Kwanza niliisikia kamba ikilia, mlio mkavu kama wa mlango wa zamani. Kisha sakafu ikainamia upande na kikombe cha wifi kikateleza kutoka mwisho mmoja wa benchi hadi mwingine bila kumwagika. Juu, yule kijana alikuwa kwenye mashine yake ya kuzungushwa kwa mkono, maana hapo hakuna umeme, milango na vilango vyake huendeshwa kwa nguvu za watu kama ilivyokuwa mfereji ulipofunguliwa mwaka 1832, na nilimwona akiacha kufungua na kuanza kufunga, akizungusha kwa mwili mzima, haraka lakini bila fujo. Maji yakatulia. Baba Husna akaegemeza uzito wake wote upande wa pili, nami nikalifungua fundo kwa meno na kucha. Boti ikaketi. Yote hayo hayakuzidi dakika moja.

Kijana alikuja ukingoni, akachuchumaa, akatutazama kwa chini. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa adabu, kama nilikuwa nimeifunga kamba. Na mimi, mwenye kadi, mwenye alama, mwenye kidole juu, nikamjibu bila hata kupumua, "Hapana. Sikuifunga."

Alitazama kamba, akanitazama mimi, akasema lile neno lake. Wifi, ambaye Kiingereza chake hakizidi salamu, akauliza, "Kasema nini?" na Husna, kwa sauti safi ya mtoto wa miaka tisa anayejivunia kutafsiri, akasema mpaka mawe yakaitikia, "Anasema, basi imejifunga yenyewe."

Nimeyarudia mazungumzo hayo kwa namna zote. Katika namna moja namjibu, "Ndiyo, nimeifunga, uniwie radhi," naye anasema hutokea, na tunaendelea kuteremka. Katika nyingine nakaa kimya, jambo ambalo nadhani lingekuwa na heshima zaidi kuliko nilichofanya. Nimelipima lile "basi" la Husna, kwa kuwa katika Kiingereza chake kijana hakusema basi bali neno legevu zaidi, na nimejiuliza kama ukali umetoka kwake au kwenye tafsiri. Nimejiuliza pia kwa nini nilidanganya mahali ambapo ushahidi ulikuwa mkononi mwangu, umelowa, na alama za meno yangu. Angekuwa amenikaripia ningekuwa nimesahau. Lakini alinipa njia ya kutokea, akaifungua pana, na nikapita humo mbele ya mwanangu. Msimu umefungwa sasa, na watu wa malango wengi wao ni wa msimu. Hata nikirudi mwezi Mei na maneno yangu yamepangwa vizuri, huenda nikamkuta mtu mwingine kwenye mashine ile.

Usiku ule tulilala pale pale gatini. Baba Husna, ambaye kwa kunionea huruma hakuligusa jambo lile hata kidogo, alimsimulia dada yake habari za mfereji: jinsi Luteni Kanali John By alivyoanza kuujenga mwaka 1826 ili jeshi la Waingereza lipate njia ya maji iliyo mbali na mpaka wa Marekani, na jinsi watu wapatao 1,000 walivyokufa katika kazi hiyo, karibu nusu yao kwa malaria. Wifi hakukubali. Malaria, katika nchi hii ambayo amevaa soksi mbili tangu alipotua? Ilibidi Baba Husna aapie kwamba palikuwa na mbu wa kutosha na kwamba By mwenyewe aliugua, na wifi akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Maskini, na baridi yote hii juu yake." Ninayaandika haya kwa kuwa ni mara pekee siku ile niliposahau kamba.

Asubuhi yake tulipanda kwenda kuuona ukuta wa bwawa, ule wa mawe uliopinda kama upinde, wenye kimo cha mita 19 hivi. Hapo watu huenda kunong'ona, kwa sababu upindo wa ukuta huibeba sauti, na mtu aliye mwisho mmoja anaweza kumsikia aliye mwisho wa pili kama yuko begani kwake. Husna alikimbia kwenda upande wa pili, mti ukanikinga nisimwone, nami nikaona hii ndiyo nafasi: nitamwambia mwanangu ukweli bila kulazimika kuutazama uso wake. Nikausogelea ukuta, nikanong'ona, "Mimi ndiye niliyeifunga ile kamba."

Kimya. Kisha sauti ikarudi, karibu mno, na haikuwa ya mtoto.

"Nilikuona, wifi. Mizunguko miwili."

Husna kumbe alikuwa ameshachoka na ukuta na kwenda kutafuta vyura. Nilibaki nimeegemea mawe yale ya baridi, nikanong'ona tena, kwa sababu hapakuwa na jingine la kufanya, "Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ndivyo wanavyofanya wenye kadi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Upande wa pili nilimsikia naye akicheka, na kicheko chake kikaja kikiteleza juu ya mawe kikiwa kimechelewa kidogo, na kwa saa kadhaa baada ya hapo nilikuwa mwepesi, nikaendesha boti kurudi Newboro nikiimba. Wifi huyu, ambaye humu nimewahi kumwandika kwa ukali mwaka wa harusi yetu, nimemfuta deni lote.

Tatizo ni kwamba aliyesikia hakuwa Husna. Jumatatu asubuhi maziwa yalimwagika mezani, na nilipouliza akajibu bila kuinua kichwa, "Yamejimwaga yenyewe." Jumatano mlango wa friji ulikuwa umejiacha wazi wenyewe. Alhamisi kitabu cha hesabu kilijisahau chenyewe shuleni. Hakusema kwa ujeuri, aseme basi nimkemee. Alisema kama mtu anayetumia msemo wa nyumbani. Na mimi, ambaye kwa kawaida ningetoa darasa la nusu saa juu ya kusema kweli, nilichukua kitambaa nikafuta maziwa.

Jana tuliipandisha boti nchi kavu kwa majira ya baridi. Ni kazi niipendayo: kumwaga maji yote ya injini na kupitisha ile dawa ya rangi ya waridi isiyoganda, maana maji yaliyosahaulika ndani yakiwa barafu hupasua chuma, kisha kuchomoa kizibo cha chini na kukitundika kwenye usukani, ili Mei mtu asiweze kushika usukani bila kukumbuka kukirudisha. Husna alikuwa akisuuza kamba kwenye karai. Akaiinua ile ya tezi, ambayo ilikuwa imekauka na pindo lake, imejikunja mara mbili kana kwamba waya bado umo ndani yake, na kwenye mkunjo pana madoa meusi ya mpira.

"Mama, hii alama ni ya nini?"

"Ni ya fundo," nikasema. "Siku ile niliifunga mimi. Nilimdanganya yule kaka."

"Najua," akasema. "Hata yeye alijua."

Aliendelea kusuuza. Nilingoja kidogo, kisha nikauliza, kwa uangalifu, kuhusu maziwa.

"Maziwa," akasema, "yalijimwaga yenyewe kweli."

Hilo tuliliacha hapo. Lakini alipokuwa akiitazama ile alama aliisogeza kamba mpaka ikakaribia kugusa pua yake, na nilipomwona nilikumbuka boya. Hakuwa akibahatisha. Alisoma tarakimu ya mwisho kama alivyoiona, nane ikawa tatu, na mimi nikamtolea kanuni ya shufwa na witiri. Nimeanza kukumbuka na mengine: jinsi anavyokaa karibu na runinga tukidhani ni mapenzi ya katuni, na jinsi alivyoacha kuniashiria wanyama walio ng'ambo ya ziwa, ilhali zamani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaona.

Daktari wa macho ana nafasi Jumanne ijayo saa tisa na nusu. Jioni hii, nikijifanya nimeshughulika na sufuria, nilimwomba kutoka jikoni anisomee kwenye kalenda ya ukutani Jumanne hiyo ni tarehe ngapi.

"Ngoja nisogee," akasema, na nikasikia kiti kikisukumwa.