Ndege wa uani hakuletei habari zako

Bundi akilia juu ya bati usiku wa manane, kesho yake uani huulizwa nani mgonjwa. Nyumba nyingine humrushia mawe. Nyingine, na hili ndilo baya zaidi, huanza kumtazama jirani kwa jicho la shaka, hasa akiwa ni bibi mzee anayeishi peke yake. Wengi wetu tumelelewa na usomaji huo wa viumbe: ndege ametua hapa, basi kuna jambo litanifika.

Waarabu wa zama za ujahiliya, yaani kabla ya Uislamu, walikuwa na desturi kama hiyo. Mtu akitaka kusafiri alimfurusha ndege. Akirukia kulia alishika njia, akirukia kushoto alirudi ndani. Mtume (S.A.W.) aliikata desturi hiyo katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim: hakuna mkosi wa ndege, wala hakuna hama. Maulamaa wameieleza hama kwa njia mbili. Wako waliosema ni bundi anayetua nyumbani ikadhaniwa amekuja kutangaza kifo, na wako waliosema ni roho ya aliyeuawa inayogeuka ndege na kulilia kisasi. Yote mawili yamefutwa. Kilichoachwa ni fali njema, yaani neno zuri linalomtia mtu moyo.

Baadhi ya watu hufika hapo wakasema basi, kumtazama ndege kwa kutafuta ujumbe ni ushirikina, tufunge mlango. Nao wamekosea upande wa pili. Qur'ani ina sura kwa jina la nyuki, sura kwa jina la chungu na sura kwa jina la buibui, na mara kwa mara inatuhimiza tutazame. Tofauti iko kwenye swali. Mpiga ramli huuliza ndege ametua wapi na mimi litanipata nini. Mwenye tafakuri huuliza kiumbe huyu anafanya nini, na nani aliyempa njia hiyo. Aya ya 44 ya Sura Al-Israa inasema hakuna kitu ila kinamtakasa Mwenyezi Mungu kwa kumsifu, lakini sisi hatufahamu kutakasa kwao. Kwa hiyo shomoro anayeruka kwenye ukuta wako ana shughuli na Mola wake kwanza. Ukianza na adabu hiyo, mengi hukaa sawa. Majirani zetu Wakristo nao wana mlango wao: Mithali 6:6 inampeleka mvivu kwa chungu, na Ayubu 12:7 inasema wanyama waulizwe, watafunza.

Tuanze na huyohuyo bundi, maana ndiye anayedhulumiwa kuliko wote. Bundi wa darini, mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, halii kwa sauti nzito. Hupiga ukelele mkavu, na ndio unaoamsha watu. Masikio yake hayako usawa mmoja kichwani, moja liko juu kidogo, ndiyo maana humpata panya gizani kwa kusikia tu. Manyoya yake yana kingo laini, kwa hiyo huruka bila mvumo. Hummeza panya mzima, kisha hutapika kidonge cha manyoya na mifupa. Tafuta vidonge hivyo chini ya mahali anapolala mchana. Vaa glovu, loweka kimoja katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, kichambue kwa njiti mbili, kisha unawe mikono kwa sabuni. Utakuta mafuvu ya panya, pengine mawili au matatu ndani ya kidonge kimoja. Aliyeyahesabu mafuvu hayo kwa mkono wake hatakuwa na haja ya kuambiwa bundi amekuja kufanya nini juu ya bati. Ukitaka aendelee kuja, usitege sumu ya panya, kwa sababu panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Huzubaa nje, bundi humkamata, na sumu humhamia.

Sasa ua wenyewe. Hauhitaji kuwa mkubwa. Unahitaji maji, kivuli na maua, na sehemu moja ambayo hufagii kila siku. Weka bakuli la udongo lenye kina cha sentimita 3 hadi 5, na ndani yake mawe mawili matatu yaliyotokeza juu ya maji ili nyuki na ndege wadogo wasizame. Liweke kama mita 2 kutoka kwenye kichaka, ndege awe na nafasi ya kumwona paka kabla hajamrukia. Maji yamwagwe na bakuli lisuguliwe kila siku. Hili halina mjadala: kwa joto letu mbu hutoka kwenye yai hadi kuruka ndani ya wiki moja hivi, na mbu wa dengi hupenda vyombo vidogo kama hivyo. Mayai yake hugandamana na ukingo, ndiyo maana kumwaga tu hakutoshi.

Ukitaka kuwapa chakula, ngumi moja ya mtama au uwele asubuhi inatosha. Makoko ya pilau na mabaki ya mchuzi yaache. Yana chumvi nyingi kwa ndege wadogo, na yatakuletea panya na kunguru tu, na kunguru wakishazoea, shomoro na tetere huhama. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wa kwetu kwa asili. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale taka, wakaenea pwani nzima. Hata hivyo usimfukuze kabla hujasoma aya ya 31 ya Sura Al-Maida, ambapo kunguru alitumwa afukue ardhi ili mwana wa Adamu aone namna ya kumsitiri ndugu yake aliyemuua. Mkute anapofukia kipande cha chakula, akakifunika kwa jani, akageuka kutazama kama ameonwa. Ni mazingatio mazito, na mwalimu wake ni ndege ambaye hakuna anayempenda.

Kwa maua, rehani huwavuta nyuki kuliko mapambo mengi ya dukani, nayo kila nyumba inaihitaji. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza nekta, hufuata mshubiri ukichanua, na maua ya mgomba.

Kikao chenyewe cha kutazama kiwe baada ya sala ya alfajiri, jua linapoanza kupanda. Kaa kwenye mkeka, mgongo ukutani au kwenye shina la mti, ili umbo lako lisionekane limesimama peke yake. Dakika kumi za mwanzo hutaona kitu, kwa sababu umewakimbiza ulipotoka mlangoni. Hapo ndipo wengi huchoka na kutoa simu. Kaa. Dakika ya kumi na tano hivi ndege huanza kurudi, kwanza shomoro, kisha wengine wakishaona shomoro wametulia. Usimkazie macho ndege moja kwa moja. Mtazame kwa pembeni. Siku ya udi na marashi makali kaa mbali na nyuki, kwani harufu kali huwachokoza. Ukiona msururu wa siafu, nyanyuka bila kungoja.

Mwalimu wa kwanza wa kila mtu na awe chungu, maana yupo daima. Weka nusu kijiko cha chai cha sukari hatua moja kutoka kwenye shimo lao, ungoje. Mmoja ataikuta, atarudi kwa njia ya kupindapinda, na baada ya muda utaona mstari. Sasa pitisha kidole chako kwenye mstari huo mara moja, kwa kukandamiza. Chungu watafika hapo na kusimama kama waliofika ukingo wa mto. Watazungukazunguka, mmoja atathubutu, mwingine atamfuata, na mstari utaungana tena. Sababu ni kwamba anayerudi na chakula huacha harufu chini, na kila anayepita baada yake huongeza. Sukari ikiisha hakuna anayeongeza, harufu hupeperuka, na njia hufutika. Ukiwa umeyaona hayo, soma aya ya 18 na 19 za Sura An-Naml: chungu mmoja anawaonya wenzake waingie majumbani wasije wakapondwa na Sulaiman na majeshi yake bila wao kutambua. Mfalme akatabasamu, akaomba awezeshwe kushukuru. Iko pia Hadithi ya Nabii aliyeumwa na chungu mmoja akaamuru kijiji chao kichomwe, akalaumiwa kwamba kwa chungu mmoja ameteketeza umma unaomtakasa Mungu. Baada ya hapo, mkono wako wenye kopo la dawa ya wadudu utasita kidogo. Ujumbe wa chungu uko pale, kwenye kusita.

Masika wageukie kwera, ambaye wengine humwita mnana. Dume huchana jani la mnazi au la nyasi akatoa uzi mrefu, akafunga pete kwanza, kisha akasimama ndani ya pete hiyo kazi yote. Kiota hupimwa kwa urefu wa mwili wake mwenyewe, mbele na nyuma. Kikiwa bado kibichi hujining'iniza chini yake akipiga mbawa kumwita jike. Jike huingia, huvuta nyuzi kwa mdomo, akikataa huondoka. Kiota kikishakauka bila kupata jike, dume hukifumua mwenyewe na kuanza kingine palepale. Chagua kiota kimoja tu na ukifuate kila asubuhi hadi mwisho wake. Anayetazama vyote kumi kwa pamoja haoni hata kimoja kikikataliwa. Ni kweli kwera wengi huweza kuchana makuti hadi mnazi ukadhoofika, kwa hiyo mwenye minazi michache asilaumiwe akilalamika.

Lakini aliyebeba ujumbe kwa maana yake kamili ni hudihudi, yule wa rangi ya udongo, mwenye kishungi kinachofunguka anapotua na mbawa zenye mistari ya nyeusi na nyeupe. Huja kwenye majani mafupi au mchanga laini, akachomeka mdomo wake mrefu kutafuta mabuu. Ukinyunyiza maji jioni kwenye ardhi iliyokauka, asubuhi atapata pa kuchomeka. Hutaga katika tundu la ukuta au la mti, na tundu hilo hunuka vibaya, kwa kuwa jike na makinda hutoa mafuta yenye uvundo yanayowafukuza maadui. Usiliguse, wala usilisafishe. Ndege huyohuyo wa tundu linalonuka ndiye aliyemwambia Nabii Sulaiman kwamba amejua jambo asilolijua yeye, akamletea habari za yakini kutoka Sabaa. Na Sulaiman, aliyefundishwa lugha ya ndege, hakuipokea habari hivi hivi. Alisema tutaangalia umesema kweli au u miongoni mwa waongo, akampa barua aipeleke.

Kama Nabii alithibitisha, sisi ni nani tusithibitishe? Ndiyo maana nashauri daftari, na mpangilio wake una uzito. Andika kwanza ulichokiona kwa maneno makavu: saa, mahali, kiumbe, alichofanya. Usiandike “alinijia”, andika “alitua juu ya kamba ya nguo”. Kesho yake, si siku ileile, rudi uandike kilichokugusa na aya uliyoikumbuka. Usiku mmoja katikati huchuja mengi, hasa kwa aliye na msiba au uchumba, kwa sababu moyo wenye shauku husikia jina lake katika kila mlio wa tetere. Kisha uipime fikra hiyo. Ikiwa inatabiri ghaibu, kama mtihani, mume au kifo, ikate mstari. Ikiwa haiendani na anachofanya kiumbe kweli, ikate pia. Mtu hawezi kuchukua somo la umoja kutoka kwa buibui anayeishi peke yake. Na ikiwa inamtuhumu mtu mwingine, hiyo haitoki penye kheri. Fikra inayobaki kwa kawaida ni ndogo na inakudai wewe mwenyewe kitu: deni ulipe, hasira upunguze, sala uiwahi.

Jioni usiache mkwaju kama unao. Kabla ya Magharibi majani yake madogo huanza kujikunja jozi kwa jozi, na giza likiingia mti mzima unaonekana mwembamba. Mwoneshe mtoto kwa kutia alama ya uzi kwenye tawi moja saa kumi na moja na nusu, mrudie saa moja, na alfajiri tena.

Asiye na ua atazame juu. Mbayuwayu wanaoruka juu ya mabati yetu kuanzia Oktoba hivi wametoka Ulaya na Asia, na huondoka tena mwezi wa tatu na wa nne. Mwenye ndugu Birmingham au Oslo anaweza kupatana naye: aliyeko huko aandike tarehe aliyowaona mara ya mwisho kwenye nyaya za umeme, aliyeko Tanga au Mombasa aandike tarehe ya mara ya kwanza, na wote wasome aya ya 19 ya Sura Al-Mulk, ya ndege juu yetu wakikunjua mbawa na kuzikunja. Mbayuwayu wako wa aina nyingi na wengine hatuondokewi nao mwaka mzima, kwa hiyo mkubaliane kwanza ni yupi: mgongo wa buluu inayong'aa, koo jekundu lenye mkanda mweusi chini yake, na mkia wenye nyuzi mbili ndefu.