Zambarau wa Ntyuka: Jumapili ya tisa

Nimempata. Leo saa kumi na robo alasiri, kwenye mchanga wa korongo huku Ntyuka, Dodoma, hatua mbili kutoka pale alipolala mbwa wangu Popi, kipepeo Zambarau alitua, akafunga mabawa, akaanza kunywa. Nilipiga picha kumi na nne. Kumi na moja zimetoka ukungu mtupu. Tatu zimekaa sawa, na katika moja ya hizo unaona mpaka ulimi wake ulivyokunjuka na kuzama katikati ya chembe za mchanga, mwembamba kama uzi mweusi wa kushonea. Miguu imetanda, mabawa yamesimama wima, na mishipa myeusi ya bawa inahesabika mmoja mmoja. Mikono bado inanitetemeka kidogo ninapoandika.

Zambarau ni jina la kwangu. Kitaalamu ni Colotis ione, dume. Mweupe, na ncha za mabawa ya mbele zina rangi ya zambarau iliyozungukwa na weusi. Ndugu zake wenye ncha nyekundu na za chungwa ninao wa kutosha, Colotis danae peke yake ananijazia folda nzima. Huyu ndiye aliyenitesa tangu mvua za Desemba zilipoanza. Tena ana mwenzake, Colotis regina, mkubwa kuliko yeye, naye ana zambarau kwenye ncha. Ukimwona akipita kwa mbali huna cha kupimia ukubwa, unabaki kukisia. Mimi kukisia sitaki. Nilijiwekea sharti: picha ya upande wa chini wa bawa, picha ya upande wa juu, na zote mbili ziwe za hapa hapa Ntyuka.

Njia ni ile ile. Natoka na mbwa saa tisa, tunapita nyuma ya viwanja vipya, tunashuka korongoni, tunafuata mchanga mpaka kwenye mbuyu, tunarudi kwa juu kupitia migunga. Kama kilomita nne. Simba na Popi ni mbwa wa kienyeji, mama na mwana. Huku mtaani mbwa hufungiwa mchana na kufunguliwa usiku kulinda, kwa hiyo mtu anayetembea na mbwa wawili wenye kamba shingoni alasiri ya Jumapili anatazamwa sana. Watoto wamezoea sasa. Wananiita baba Popi, nami naitika.

Sasa tatizo lenyewe, maana ndilo lililonila Jumapili nane.

Zambarau hatui. Vipepeo wengine wa hapa wana adabu zao. Junonia hierta, yule wa njano mwenye doa la buluu kwenye kila bawa la nyuma, anakaa chini njiani, mabawa wazi, ukimfukuza anazunguka na kurudi pale pale. Danaus chrysippus anaelea taratibu kama hana adui, na kweli maadui wanamwogopa kwa sumu aliyorithi kutoka kwenye majani aliyokula akiwa kiwavi. Zambarau anapita ukingoni mwa vichaka, kimo cha kifua changu, kwa kasi, anaingia kichakani upande huu na kutokea upande wa pili kama ana haraka ya kuwahi basi. Ukisema atatua kwenye ua lile, tayari ameshalivuka.

Jumapili tatu za kwanza nilimkimbiza. Nisirudie tena. Miiba ya migunga ilinichana mkono wa shati, na mbigili zilimwingia Popi kwenye nyayo zote nne, nikakaa chini nusu saa nikimchomoa moja moja huku analamba mkono wangu. Siku ile nilirudi nyumbani na picha za anga.

Jumapili ya nne nilikaa tu. Nikawafunga mbwa kivulini, nikaegemea jiwe, nikatazama. Hapo nikagundua kwamba hapiti ovyo. Ana njia. Anatoka kwenye mkwaju, anafuata ukingo wa korongo, anapinda kwenye kichaka kimoja cha majani magumu ambacho mbuzi hukipenda kiangazi, anapotea, kisha baada ya muda anatokea tena mkwajuni. Dume anatafuta jike, na majike wa jamii hii hutaga kwenye vichaka vya aina ya Boscia, Maerua na Cadaba, basi doria yake inapita humo humo. Nilifurahi nikadhani nimemaliza kazi. Nikajipanga kwenye kona ya kichaka, kamera tayari, kasi ya shata 1/1000 ya sekunde. Alipita mara sita. Mara zote sita nilipata bawa moja, au nusu ya bawa, au jani.

Jumapili ya tano nilijaribu chambo cha karatasi. Nilikata karatasi nyeupe umbo la kipepeo, nikapaka ncha kwa kalamu ya zambarau, nikaibandika kwenye jani. Alikuja! Alishuka mpaka karibu kabisa, akaizunguka mara moja, akaondoka. Sekunde moja, labda mbili. Nilihema kwa hasira mpaka Simba akainuka kuja kunitazama.

Niseme neno kuhusu vifaa, kwa sababu naulizwa sana. Lenzi ndogo za kubana kwenye simu nimeziacha. Kwa kiwavi au yai ni nzuri, bei yake ni ndogo, lakini zinakutaka usogee mpaka sentimita chache, na Colotis haruhusu mtu yeyote asogee sentimita chache. Natumia kamera ya mtumba na lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo) ya milimita 100, inayoniwezesha kusimama mbali kidogo nisitupe kivuli juu yake. Kivuli ndicho kinachofukuza vipepeo kuliko sauti. Wavu ninao na sijaubeba tangu mwaka jana. Magamba ya bawa yanapukutika ukimgusa, na kipepeo aliyepukutika rangi hanifundishi kitu. Na kamba ya mbwa: nunueni ndefu, mita tano au zaidi. Kamba fupi humfanya mbwa avute muda wote, nawe unapiga picha huku mkono unaning'inizwa. Kwa kamba ndefu mbwa anachagua mahali pake, analala, anakuachia nafasi.

Jumapili ya sita nilikutana na mzee mmoja akichunga ng'ombe pale korongoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hao hawaumi?"

"Hawaumi babu, wamechanjwa pia."

Alicheka, akaniuliza natafuta nini vichakani kila wiki, maana ameshaniona mara nyingi. Nikamwambia vipepeo. Hakushangaa hata kidogo. "Vipepeo unawafuata kwenye miiba ya nini? Si wapo pale ng'ombe wanapokunywa." Akanyoosha fimbo.

Na kweli walikuwepo. Pale mifugo inapokanyaga, kinyesi na mkojo vikichanganyika na tope, palikuwa na vipepeo weupe wa Belenois wamepangana kama vipande vya karatasi vilivyochanwa, na wakubwa wa Catopsilia wa kijanikijani wamesimama katikati yao. Hawa wengi huwa madume. Wanafyonza chumvi, hasa sodiamu, ambayo majani na maua hayawapi ya kutosha, na kwa spishi kadhaa imeonekana dume humpa jike sehemu ya chumvi hiyo wakati wa kujamiiana. Niliwaza: kama hawa wanataka chumvi, Zambarau naye anaitaka. Lakini kwenye tope lile hakuja. Ng'ombe wanatembea, watoto wanachota maji, pikipiki zinavuka.

Basi Jumapili ya saba nilibeba chupa ya lita moja na nusu ya maji ya chumvi, nikayamwaga kwenye mchanga karibu na mkwaju, kwenye njia yake. Yalizama. Mchanga wa korongo unakunywa kuliko ng'ombe. Dakika kumi juu pamekauka, palibaki duara la ukoko mweupe. Wiki iliyofuata nikabeba lita tano, mabega yakaniuma, matokeo yale yale. Walikuja nyuki.

Leo sikubeba maji. Mvua imekatika wiki ya pili sasa, kama ilivyo kawaida yetu Dodoma mwezi wa Februari, mahindi ya watu yamejikunja majani na mtama ndio unaovumilia. Jua lilikuwa kali mno. Tulipofika chini ya mkwaju Popi alianza kuchimba. Huwa anafanya hivyo kukiwa na joto, anafukua mchanga wa juu mpaka afikie ule wenye unyevu, kisha analaza tumbo lipoe. Nilitaka kumkataza kwa sababu mchanga ulikuwa unaingia kwenye begi la kamera. Sijui ni nini kilinizuia. Alichimba kina kama cha mkono mpaka kiwiko, mchanga mweusi wenye maji ukatoka na kurundikana pembeni, akajilaza shimoni. Simba akaja akakojoa ukingoni mwa lile rundo, kama afanyavyo kila mahali mwanawe anapochimba.

Robo saa ilipita. Wa kwanza kutua kwenye rundo lile alikuwa Belenois mmoja. Kisha watatu. Nikalala kifudifudi, viwiko mchangani. Zambarau alipita kwenye doria yake kama siku zote, nami sikuinua hata kamera. Akapinda. Akarudi. Akateremka katikati ya wale weupe, akajaribu mahali pawili, akatua pale palipokuwa na mkojo wa Simba.

Tofauti na maji yangu ni kwamba unyevu wa Popi ulikuwa unatoka chini. Mchanga wa korongo hata ukikauka juu, ndani una maji, ndiyo maana watu huku huchimba visima vya mchangani kiangazi. Nilikuwa namwaga juu maji ambayo yapo chini tayari. Mbwa wangu amekuwa akinionesha jambo hili kila Jumapili ya joto, mita chache kutoka nilipokuwa nahangaika na chupa. Nilimkumbatia akiwa na mchanga wake wote.

Upande wa juu wa bawa ulikuja bila kutarajiwa. Saa kumi na nusu hivi wingu lilifunika jua. Vipepeo bila jua hupoa haraka, mwili wao hautengenezi joto kama wetu, na Zambarau aliacha kunywa akapanda kwenye kichaka kile kile cha mbuzi, akafunga mabawa, akatulia. Nilisogea kwa magoti. Mbwa walibaki shimoni wote wawili, wala sikuwaamuru. Wingu lilipoanza kuachia, mwanga wa kwanza ulipomfikia aligeuka akatupa mgongo juani na kufungua mabawa nusu, kama mtu anayefungua kitabu kidogo tu asome mstari mmoja. Hapo ndipo nilipoiona ile zambarau kwa karibu kwa mara ya kwanza. Sio rangi iliyotulia. Nilipoinamisha kichwa kushoto ilikuwa ya buluu, nilipokirudisha ikawaka kama wino mbichi wa mhuri, na katikati ya weusi wa ukingo kulikuwa na magamba machache yaliyopotea njia, yakimeta peke yake. Picha mbili. Akaenda.

Kwa hiyo sharti limetimia, chini na juu, siku moja. Nimezipakia zote kwenye iNaturalist. Programu ile ya kutambua viumbe kwa picha ni nzuri kwa kukusanya rekodi, ila pendekezo lake la kwanza msiliamini kwa Colotis, lilishanipa majina matatu tofauti kwa kipepeo yule yule. Subirini wanaojua wathibitishe.

Nilikuwa nimeahidi kwamba nikimaliza Zambarau napanda vilima vya Ntyuka kuwatafuta vipepeo madume wanaogombania kilele wakisubiri majike. Hilo litasubiri. Narudi kwenye kichaka cha mbuzi. Kama doria yake inapita pale na akapata baridi anajificha pale, nadhani na mayai yapo pale. Nataka jike, ambaye ncha zake mara nyingi ni za chungwa badala ya zambarau, na nataka kiwavi. Haraka yangu ni kwamba leo nimeona mawe ya mipaka mapya mawili yenye rangi nyekundu juu, moja liko kama hatua thelathini kutoka kwenye mkwaju. Mji unakuja upande huu na sitaki kugombana nao, watu wanahitaji pa kujenga, ila kichaka nitakipiga picha jani kwa jani kabla greda halijafika, na nitakusanya mbegu zake mvua zikiisha.

Tena nilipofika nyumbani kufungua geti, nikakuta mlimau wa uani una viwavi wa Papilio demodocus watano. Wawili bado wadogo, weusi na weupe kama kinyesi cha ndege, watatu wameshageuka kijani. Nilimgusa mmoja kwa kijiti, akachomoza pembe zake za rangi ya chungwa na ile harufu kali, Popi akapiga chafya akarudi nyuma. Mke wangu tayari alikuwa ameshika bomba la dawa. Tumekubaliana: matawi yote ni yake, lile moja linaloelekea ukutani ni langu. Nimewahamishia huko wote watano kwa mkono, na kesho asubuhi nitafunga chandarua kulizunguka kabla kuku hawajafunguliwa.