Hanoi: daraja la Wafaransa na mti wa mkungu wa jela

Nimerudi kutoka Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, wiki iliyopita na bado nina picha zaidi ya mia tatu kwenye simu, nyingi ni za majengo ya Wafaransa waliokuwa wakoloni wao, maana mji ule wameujaza kweli. Opera House, yaani jumba la muziki na maigizo, ya rangi ya njano, waliijenga 1901 mpaka 1911 kwa kuiga ile ya Paris. Kanisa kuu la Mtakatifu Joseph la 1886, kuta zimeingia weusi mpaka juu kwenye minara. Halafu kuna ikulu waliyomjengea gavana wao mkuu, nayo ikaisha 1906, na Ho Chi Minh, kiongozi wa uhuru wao, aliposhika nchi akakataa kuishi mle, kuanzia 1958 akawa anakaa kwenye kinyumba cha mbao cha nguzo, huko huko bustanini. Hayo yote nimeyaona na ni mazuri.

Lakini jela ya Hoa Lo ndo iliyonikalisha chini. Wafaransa waliita Maison Centrale, maneno yapo mpaka leo juu ya geti, ila Hoa Lo ni jina la mtaa wenyewe, zamani pale palikuwa ni watu wa majiko, wanatengeneza na kuuza majiko ya udongo, wakahamishwa ili ijengwe jela. Sehemu kubwa ilivunjwa miaka ya 1990 yakajengwa maghorofa, iliyobaki ndo makumbusho. Ndani kuna gilotini, ile mashine ya kukatia watu vichwa, imesimama tu pale na ndoo yake. Baadaye marubani wa Kimarekani nao walifungwa humo humo wakati wa vita vya Vietnam.

Sasa nikatoka uani nikakutana na mti, nikausogelea, nikasema huu si mkungu huu? Ni mkungu kabisa, majani yale yale mapana, kungu zile zile tulizokuwa tunapasua kwa mawe utotoni. Maelezo ya pale yanasema wafungwa walikuwa wanakula kungu zake kupata nguvu, majani na magamba wanafanya dawa ya kuhara na vidonda, na matawi yake wanachonga filimbi na viko. Nilisimama pale muda mrefu sana jamani. Mti niliouzoea uani kwetu, kule ulikuwa unawashikilia watu uhai.

Jioni nikaenda daraja la Long Bien. Limejengwa 1899 mpaka 1902 na kwanza likaitwa kwa jina la gavana wao Paul Doumer, lina urefu wa karibu kilomita 1.7 juu ya Mto Mwekundu, na waliolijenga kwa mikono yao ni Wavietnam zaidi ya elfu tatu. Oktoba 1954 wanajeshi wa mwisho wa Kifaransa waliondoka Hanoi kwa kupita juu yake. Wamarekani wakaja kulipiga mabomu 1967, likatengenezwa, wakalipiga tena, likatengenezwa tena, ndo maana ukiliangalia kwa mbali halifanani, huku lina yale mapembe ya chuma yanayopanda na kushuka, huku ni bapa tu, pale bapa ndo palipoangukia bomu. Kwangu mimi hapo ndo lilipoacha kuwa la Wafaransa. Kitu umekitengeneza mara zote hizo, mabomu yanakuja na wewe unarudi na chuma chako, hicho ni chako.

Treni inapita katikati, pikipiki na baiskeli pembeni, magari hayaruhusiwi. Na Vietnam nzima wanaendesha kulia ila juu ya daraja hili wanapita kushoto kama Bongo, nilijikuta nimetulia ghafla maana siku zote nne kuvuka barabara ilikuwa mtihani. Ukitembea kwa miguu unakanyaga mabamba ya zege, kati ya bamba na bamba kuna nafasi, unaona maji mekundu ya matope yanapita chini kabisa.

Kuna kibao cha chuma cha kampuni ya Kifaransa iliyolijenga, kimeandikwa 1899–1902, Daydé & Pillé, Paris. Mbele yake kidogo palikuwa na mama anachoma mahindi, nikanunua moja, nikala hapo hapo nimeegemea chuma, treni ikaja ikapita, daraja zima likatetema mpaka naisikia miguuni, yeye wala hakugeuka, anapepea mkaa wake tu.