Nilivyoacha kukariri x na y

Shuleni tulifundishwa kigeu huru (kile kinachoeleza) na kigeu tegemezi (kile kinachoelezwa) kwa mkato: huru ni x, kaa chini; tegemezi ni y, simama pembeni. Mtihani unapita. Mkato huo ulinifikisha kidato cha tano, mchepuo wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), ukagoma kwenye Uchumi. Mchoro wa mahitaji unaweka bei kwenye mhimili wa wima na wingi wa bidhaa kwenye mlalo, na papo hapo mwalimu anasema wingi unategemea bei! Ni desturi ya tangu enzi za mwanauchumi Mwingereza Alfred Marshall, mwishoni mwa karne ya 19, na wachumi wameing'ang'ania mpaka leo.

Nilichofanya ni kurudi kwenye jaribio la Fizikia la O-level, lile la gololi ya chuma inayoning'inia kwenye uzi. Nikajiuliza mkono wangu ulikuwa wapi. Uzi niliupima mimi: sentimita 100, kisha 50, kisha 25. Muda sikuupanga, niliusubiri. Basi urefu ndio huru, muda ndio tegemezi. Uzi wa sentimita 100 ukibembea kidogo tu, gololi huenda na kurudi mara 20 kwa takribani sekunde 40. Ukiufupisha hadi 25, ni sekunde 20 hivi. Urefu umebaki robo, muda umebaki nusu. Unaweza kubonyeza saa utakavyo, uzi hautafupika. Gololi nayo ni ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Uzito wake hauathiri muda, lakini utalijuaje hilo ikiwa umebadilisha gololi na uzi kwa pamoja?

Sasa, kuna maswali ya mtihani yanayoagiza uweke urefu kwenye wima na muda wa kwenda na kurudi mara moja, uliozidishwa kwa wenyewe, kwenye mlalo, ili mteremko ukizidishwa kwa 4π² utoe g (mchapuko wa mvutano wa dunia) moja kwa moja. Mihimili imebadilishana, jaribio halijabadilika: urefu bado ndio huru. Kwenye hesabu tupu hata hilo halipo. Ukipewa y = 3x − 5 unaweza kuigeuza ikawa x = (y + 5)/3, na hakuna wa kukulalamikia.

Chuoni mkono wangu haukuwa na kazi tena. Utafiti wangu ulihusu umbali kutoka nyumbani hadi shuleni na mahudhurio ya wanafunzi, na mimi sikumhamisha mtoto yeyote. Hapo nikawa naandika swali kwa sentensi moja kabla ya kugusa dodoso: je, mahudhurio hutofautiana kulingana na umbali? Kinachokuja baada ya "kulingana na" ndicho huru. Mwenzangu wa chumba kimoja alikuwa na mahudhurio hayohayo, ila yeye aliyatumia kueleza alama za mtihani. Kwangu tegemezi, kwake huru, na wote tulikuwa sahihi.

Kilichonichukua muda zaidi ni neno "athari" kwenye kichwa cha utafiti. Wazazi wanaojali sana shule wanaweza kupanga nyumba karibu nayo, na haohao ndio wanaowaamsha watoto alfajiri. Umbali ungeonekana umefanya kazi ambayo mzazi ndiye aliyeifanya. Dodoso langu halikuwa na swali hata moja la kutenganisha kazi ya umbali na ya mzazi, kwa hiyo nikaandika "uhusiano kati ya" na msimamizi akapitisha bila maneno.