Tuliuzwa Kericho, tukakwama Awasi

Kama hujawahi kuuzwa na matatu, acha nikuelezee. Unalipa nauli ya Kisumu ukiwa Nakuru, mia tisa, makanga anakuapia kwa jina la mamake ni moja kwa moja, alafu mkifika Kericho anafungua mlango anasema ingieni ile nyeupe pale, hii inageuza. Amempa mwenzake sehemu ya pesa yako, ingine amebaki nayo. Mimi nimeuzwa mara nyingi tu lakini hii ya Agosti iliniuma sana manake nilikuwa na watoto wa wenyewe saba, wa miaka kumi na saba na kumi na nane, na wazazi wao walikuwa wameniambia kochi, tunakuachia.

Tulikuwa tunaenda kambi ya siku nne Kisumu, ile ya kukutanisha vijana wa sehemu ambazo watu wamewahi kupigana. Sisi tulitoka Molo na Kuresoi, wengine wangetoka Sondu, Muhoroni, Mlima Elgon, na wachache Kapenguria. Barua ilisema tufike saa tisa.

Saa tisa ndio tulikuwa Kericho chini ya baraza ya duka, mvua inanyesha na mawe, ile matatu nyeupe imebakisha viti vitano na sisi ni wanane. Makanga anasema watakaliana. Nikabishana naye mpaka sauti ikakauka, mwisho nikaongeza mia nne yangu ndio atafute gari ingine, na hiyo pesa sijarudishiwa mpaka leo. Hapo ndio kijana mmoja wa Kuresoi, mrefu, hakuwa ameongea tangu Mau Summit, akanivuta kando. "Kochi, mimi nitarudi." Nikamuuliza kwa nini. Akasema babu yake alimwambia kule chini hawatupendi. Sikumlazimisha, nilimwambia twende tu, ukifika Kisumu bado moyo unakataa nitakurudisha mimi mwenyewe kesho asubuhi. Akapanda lakini begi hakuiachilia, aliishika kifuani safari yote.

Ukiteremka kutoka Kericho joto linakupokea ghafla, sweta zikaanza kuvuliwa mojamoja. Na karibu na Awasi tairi ikapasuka. Spea haikuwa na upepo. Dereva akaweka tairi kwa bodaboda akapotea nayo, giza likaingia, mbu wakaanza, na mimi hapo nahesabu vichwa, saba, nahesabu tena.

Kando ya barabara kulikuwa na mama anachoma mahindi, na koroboi amewekelea juu ya kopo. Tukamsogelea sababu ndio ilikuwa taa ya pekee hapo. Mhindi mmoja thelathini, nikaona ni ghali, lakini wangefanya nini na njaa. Akauliza mnatoka wapi wanangu. Hakuna aliyejibu. Hawa ni watoto ambao nyumbani unawaambia wanyamaze hawanyamazi, na sasa wote wanaangalia makaa. Mimi nikafungua mdomo niseme Nakuru, Nakuru ni jibu salama, haina kabila, lakini yule mrefu akanitangulia. "Kuresoi."

Mama akageuza mhindi. Akageuza mwingine. Alafu akasema, "Chamgei," salamu ya Kikipsigis, lugha ya kwao kijana.

Kijana alishtuka mpaka begi ikaanguka. "Chamgei mising," akajibu, na mama akaendelea Kikipsigis chenyewe, kinatoka polepole kama mtu anatafuta kitu kwa sanduku la zamani. Alikuwa ameishi Kericho kwa majani chai miaka kumi na tisa. Mwaka wa 2008, zile fujo za baada ya uchaguzi, watu wa kabila zingine wakatolewa, na yeye Mjaluo akaondoka na watoto wawili na sufuria, hiyo sufuria iko hapo chini ya meza ameweka mahindi mabichi. Akamuuliza, sasa kwa Kiswahili, "We mwaka huo ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Sikuwa nimezaliwa. Mama alikuwa na mimba yangu. Walilala msituni."

Mama akasema "hee" kwa sauti ndogo. Akamchagulia mhindi mwingine, akaupaka ndimu na pilipili, akampa. Pesa alichukua, yote, na chenji akanirudishia sawasawa. Alafu akauliza gunia ya viazi huko kwenu ni ngapi siku hizi. Hapo kijana akachangamka, bei za shambani, bei za Molo, mabroka wanavyokula watu, mpaka wakapeana namba. Tairi iliporudi saa mbili na nusu ilibidi nimwite mara tatu.

Kambi yenyewe haina mengi ya kusimulia. Tulilala watu sita kwa chumba cha watu wanne, neti zimetoboka, chai ya saa nne ilikuwa na biskuti mbili kila mtu, na fulana zilikuwa nzuri sana. Wa Kapenguria walituelezea mbio za amani za wakfu wa yule mwanariadha Tegla Loroupe, vile watu walioibiana ng'ombe wanakimbia pamoja. Mwezeshaji naye akatuambia kuhusu Seeds of Peace huko Marekani, mwandishi wa habari anaitwa John Wallach aliianzisha 1993, akaleta vijana 46 wa Israeli, Palestina na Misri wakae kambi moja kando ya ziwa jimbo la Maine. Tukapiga makofi. Kisha akasema Oktoba 2000 kijana mmoja wa hiyo programu, Mwarabu wa Israeli, miaka 17, aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa amevaa ile fulana yao ya kijani. Chumba kikanyamaza. Msichana wa Sondu akainua mkono: "Wakitoka kambi wakirudi nyumbani, wanaonanaje tena?"

Hilo swali sijaliacha. Mimi 2008 nilikuwa darasa la tano, tulilala Nakuru Showground wiki kadhaa, na rafiki yangu wa dawati moja alihamia upande ule mwingine. Baadaye wakatuletea programu nyingi Molo, mpira, nyimbo, fulana, na hata siku moja hakuna aliyeuliza huyo rafiki yangu yuko wapi. Yuko kilomita thelathini tu na sijawahi kumtembelea. Huku kwetu hakuna ukuta wala kibali cha kuvuka, ni nauli na woga, basi. Na kwa bajeti ya kambi yetu niliona pesa ya mabango na pesa ya ukumbi, lakini ya hawa watoto kukutana mara ya pili hakuna hata shilingi. Nilisimama siku ya mwisho nikasema hivyo. Wakaandika.

Kurudi tulilipa mia tisa tena, marejesho ya nauli yalikuwa elfu moja ya kwenda na kurudi, ukipiga hesabu unaona kila mtoto amelipia kambi mia nane. Nilizitoa wapi ni maneno ya siku ingine.

Wiki jana yule kijana amenipigia. Mama wa Awasi anataka gunia mbili za viazi, si kwa broka, kutoka kwake. Anaogopa kuzituma peke yake zisije zikauzwa Kericho kama sisi. Nikamwambia tutazipeleka wenyewe, nikawapigia wale sita wengine na yule msichana wa Sondu, tukachanga, tunashuka Jumamosi. Mama ameongeza ombi moja, tumbebee mursik, yale maziwa ya kugandisha ya Wakipsigis, lakini ya kibuyu, ya chupa hataki.