Foleni ya oksijeni

Mtungi ule hata ukiwa mtupu ulikuwa mzito kuliko mgonjwa aliyeusubiri. Tuliushusha mlimani mimi na mwanawe, ngazi kwa ngazi, jioni moja ya Juni 2020, garúa ikilowesha saruji. Garúa ni manyunyu ya ukungu. Lima, mji mkuu wa Peru, haijui mvua ya kweli, lakini majira ya baridi ukungu huo huingia ndani ya nyumba za mbao na mabati, blanketi zisikauke.

Tulikuwa masista watatu Pamplona Alta, kusini mwa jiji, Mtanzania peke yangu. Watoto walipenda kuniuliza kama nina undugu na Mtakatifu Martin wa Porres, mtakatifu wao mweusi, nami niliwajibu kwamba ni kaka yangu. Maji tulinunua kwenye lori na kuyahifadhi kwenye mapipa, kama jirani zetu wote. Juu mlimani ulisimama ukuta wa zege. Ng'ambo yake ni Casuarinas, kwenye majumba yenye mabwawa ya kuogelea.

Nchi ilipofungwa Machi kwa sababu ya korona, wachuuzi, vibarua na wafanyakazi wa ndani walikosa riziki ya siku. Vitambaa vyeupe vikaanza kuning'inia milangoni: humu hamna chakula. Akina mama wakaanzisha olla común, chungu cha pamoja. Msimamizi wa chungu chetu alikuwa bibi aliyekimbia Ayacucho wakati wa vita vya miaka ya 1980, ambaye Baba Yetu aliisali kwa Kikechua, lugha ya mama yake. Alikuwa na daftari lenye kila familia na idadi ya sahani zake, na sheria moja tu: hapitwi mtu. Nilimshuhudia akimrudisha mjukuu wake mwenyewe mwisho wa mstari. Sisi masista pia tulipanga foleni na mabakuli yetu.

Sasa bibi huyo ndiye aliyelala kifudifudi akihema. Hospitali ilitujibu kwamba hakuna kitanda. Mtungi wa mita 10 za ujazo, ukitoa lita 15 kwa dakika, huisha baada ya saa 11. Hesabu hiyo niliijua kwa moyo. Ule tulioazimwa na jirani ulifunguliwa saa kumi na moja jioni. Ungeisha saa kumi alfajiri.

Foleni ilikuwa imeuzunguka ukuta wa kiwanda. Tuliandikwa namba kwa kalamu nyuma ya kiganja. Ilikuwa marufuku kutoka nje usiku, lakini askari walipita wakatutazama wakaenda zao. Watu walilala juu ya maboksi, kila mmoja ameukumbatia mtungi wake. Mbele yetu alikuwa binti mmoja na mtungi wa baba yake, na kila simu yake ilipoita aliitazama kwanza, ndipo akapokea. Tulisali Rozari, wengine wakiitikia chini ya barakoa.

Kama saa tisa usiku mlinzi akaja na tochi, akaona shela yangu. "Madrecita, njoo mbele." Hakuna aliyenung'unika, wengine hata walinihimiza, "Pita, hermanita, pita." Nikasimama. Nilikuwa nimeshaushika mtungi. Ilibaki saa moja, na nilimpenda yule bibi.

Kijana akanivuta mkono wa joho. "Sista, mama akijua tumewapita watu, hatautumia."

Nikamwangalia yule binti. Alikuwa ameinamisha uso, ameninyamazia anipishe. Nikaketi.

Saa kumi ikapita. Kijana hakusema neno, wala mimi. Lango lilifunguliwa saa kumi na mbili. Binti akajaziwa, akaondoka mbio, kaupakata mtungi kama mtoto mchanga. Nasi tukajaziwa, kwa bei iliyokuwa imepanda tangu juzi yake. Vijana wa mtaa walikuwa wakitungoja mwanzo wa ngazi. Wakautia begani wakapanda nao kwa kupokezana.

Tulimkuta hai. Majirani walikuwa wamebisha hodi nyumba hadi nyumba usiku wote, wakapata kimtungi chenye masalio, kikamvusha alfajiri ile. Tulipounganisha mpira na midomo ikaanza kurudi rangi, alinong'ona kitu. Ilinibidi nimwinamie nisikie: leo sahani ngapi? Nikaenda kutazama daftari. 142.

Alipona, na Septemba alikuwa amerudi chunguni, amekaa kwenye kiti, daftari mapajani.

Tarehe 31 Mei 2021 serikali ya Peru ilisahihisha hesabu ya waliokufa kwa korona, kutoka 69,342 hadi 180,764. Nilipozisoma namba hizo nilimfikiria yule binti. Usiku kucha tulikaa bega kwa bega na sikumuuliza hata jina la baba yake. Katika Masifu ya Jioni bado namtaja mzee huyo, nisijue nimweke kati ya wagonjwa au kati ya marehemu.