D750 na Z6 II katika harusi zile zile

Niseme jambo kubwa kwanza: ukiweka mezani picha ya Nikon D750, kamera ya DSLR yenye kioo ndani, na ya Nikon Z6 II, kamera mpya isiyo na kioo, zimepigwa kwa lenzi moja na mwanga mmoja, ni vigumu sana kujua ipi ni ipi. Kihisi cha D750, yaani sehemu inayoshika picha, kina megapikseli 24.3, cha Z6 II kina 24.5, na vyote viwili vina ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35. Nilisafisha picha mbili za bibi harusi zilizopigwa kwa ISO 3200, usikivu wa juu wa mwanga hafifu, karatasi ya inchi 12 kwa 18, katika studio moja upande wa River Road, Nairobi, nikampa mzee anayesimamia mashine. Alizishika chini ya taa, akazisogeza karibu na macho, akaikagua shela uzi kwa uzi. Kisha akaniuliza, "Kijana wangu, si hizi zote ni za kamera yako ile ile?" Mzee huyo amesafisha picha tangu enzi za filamu, na jicho lake naliamini kuliko langu.

Kwa hiyo anayekwambia uhame kutoka DSLR ili picha zako ziwe nzuri zaidi, msikilize kwa tahadhari. Kinachobadilika ni kazi ya kuipata hiyo picha. Hapo tofauti ni kubwa, na si yote iko upande wa kamera mpya.

D750 ilitoka Septemba 2014, Z6 II ikatangazwa Oktoba 2020. Nikon haijatoa DSLR mpya tangu D780 na D6 za mwaka 2020, kwa hiyo nilijua safari ya kuhama iko mbele yangu. Ila sikutaka kuamua kwa kutazama video za watu wanaopiga picha katika mitaa ya Tokyo. Nilitaka kuiona kamera hiyo katika harusi za kwetu: kanisa lenye mwanga hafifu, jua la saa saba pale Arboretum, hema linalomwaga rangi yake kwenye nyuso za wageni, na shangazi wanaokuja mbele yako wakicheza bila kukupa nafasi ya kujipanga. Nikaenda kwa jamaa mwenye duka la kukodisha vifaa katikati ya mji. "Chukua Ijumaa jioni, bosi," akasema, "Jumatatu asubuhi iwe hapa." Nikachukua Z6 II pamoja na adapta ya FTZ, inayounganisha lenzi za DSLR na kamera hizi mpya, ili nitumie lenzi zangu zile zile, nikafanya hivyo wikendi baada ya wikendi, D750 begani, Z6 II shingoni.

Kitu cha kwanza kilichonigusa ni fokasi. Ndani ya DSLR, mwanga ukipita kwenye lenzi hugonga kioo. Sehemu kubwa hupanda juu kwenye dirisha la kuchungulia, na sehemu ndogo hupenya na kuelekezwa chini, kwenye kihisi cha pekee cha kupima fokasi. Picha yenyewe inashikwa na kihisi kingine huko nyuma. Viwili hivyo vikipishana hata kidogo, unalenga jicho na fokasi inatua sikioni. Ndiyo maana D750 ina menyu ya kurekebisha kila lenzi, na mimi nilikuwa nimeirekebisha 85mm f/1.8G yangu kwa subira nyingi. Zaidi ya hayo, pointi zake 51 za fokasi zimejazana katikati ya fremu. Maharusi wakisimama pembeni, unalenga katikati, unashikilia, unasogeza kamera, unapiga. Kwa f/1.8, lenzi ikiwa wazi kabisa na fokasi ikiwa nyembamba, mtu akipumua tu, jicho limeshatoka kwenye fokasi.

Katika Z6 II kihisi kinachopima fokasi ndicho kinachoshika picha, kwa hiyo kosa hilo la vihisi viwili kupishana halipo. Pointi zake ni 273 na zinafika karibu asilimia 90 ya fremu, kwa upana na kwa urefu. Unamweka bibi harusi pale unapomtaka, kisanduku kidogo kinalikalia jicho lake, unapiga. Nikirudi nyumbani na kufungua picha za 85mm, zile za kutupa kwa sababu ya fokasi zilipungua waziwazi. Kwangu hiyo peke yake ni sababu tosha.

Lakini kuna jambo ambalo sijalisikia likisemwa vya kutosha. Uso mweusi wenye dirisha angavu nyuma yake unaisumbua. Kisanduku kinaruka kutoka jichoni kwenda kwenye shela, kinarudi, kinapotea. Dawa niliyoipata ni kuongeza mwanga wa picha hadi uso uonekane vizuri ndani ya dirisha la kuchungulia. Kamera ikiuona uso, inalipata jicho. Wateja wangu ni watu weusi na makanisa yetu yana madirisha makubwa nyuma ya altare, kwa hiyo kwangu hili ni suala la kila Jumamosi.

Kimya chake nacho kina thamani. Padri mmoja mzee huko Eastlands alikuwa amenishika mkono kabla ya misa na kuniambia, "Mwanangu, wakati wa mageuzo sitaki kusikia huo mlio." D750 ina hali ya kupiga kwa sauti ya chini, lakini kioo ni kioo, lazima kipande na kushuka, na kanisa likinyamaza, benchi la tatu wanasikia. Z6 II kwa shata ya kielektroniki haitoi mlio wowote wa shata. Nilipiga mageuzo yote nikiwa kando ya nguzo na hakuna aliyegeuka.

Kimya hicho kina gharama yake, na inafaa uijue kabla ya siku ya kazi. Shata ya kielektroniki inasoma kihisi mstari kwa mstari, kuanzia juu hadi chini. Umeme wetu Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazoutegemea hupepesa mara 100 kwa sekunde bila macho yetu kutambua. Ukipiga kwa 1/250 ya sekunde, baadhi ya mistari inasomwa taa ikiwa imefifia, na picha inatoka na michirizi myeusi iliyolala kama kanga ya mistari. Niliijaribu mapema kanisani kabla ya watu kuingia, nikashuka hadi 1/100, michirizi ikaisha. Hata 1/50 inafaa, mradi mtu awe ametulia. Taa za rangi za jukwaani hazifuati hesabu hiyo, kwa hiyo ukumbini narudi kwenye shata ya kawaida. Isitoshe, kwenye hali ya kimya flashi haiwaki kabisa.

Nje, juani, nilitarajia dirisha la kielektroniki linishinde. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, jirani na ikweta, na jua la mchana linakausha kila kitu, hata skrini ya nyuma ya kamera huioni. Na D750 nilikuwa nafunika skrini kwa koti ili nione nilichopiga. Kwa Z6 II, picha naiona ndani ya dirisha lenyewe, jicho likiwa limeshikana na kamera, na mwanga wa picha nauona hata kabla sijabonyeza. Gauni jeupe likianza kuungua kwa mwanga kupita kiasi naliona papo hapo, nashusha, naendelea. Sijahitaji tena kupiga picha ya majaribio huku maharusi wakinisubiri wakitoka jasho.

Sasa lenzi, na hapa wengi wetu wa Nairobi tunapaswa kuwa makini, kwa sababu tulianza na lenzi za mitumba. Mlango wa F wa Nikon, yaani mahali lenzi inapofungwa kwenye kamera, ulianza mwaka 1959, na umbali kutoka mlango huo hadi kwenye filamu au kihisi ni milimita 46.5. Mlango wa Z, ulioanza 2018, una milimita 16 tu, kwa kuwa hakuna kioo cha kukipisha. Adapta ya FTZ inajaza nafasi iliyobaki katikati. Lenzi za AF-S, kama 85mm yangu, zina mota ndani yake, na zilifanya kazi kwa FTZ kana kwamba zimezaliwa hapo. Lenzi za AF-D, kama 50mm f/1.8D na 80-200mm f/2.8D, hazina mota. Zinazungushwa na parafujo iliyo ndani ya kamera. D750 inayo, Z6 II haina, na FTZ nayo haina. Kwenye adapta unazungusha kwa mkono.

Hilo nililijua mapema, nikataka kulipima mwenyewe. Kwa wazee walioketi kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, 80-200 ya mkono inawezekana: kamera inapaka rangi kingo zilizo kwenye fokasi, unazungusha taratibu, unapiga. Kwa shangazi wanaocheza, haiwezekani. Ndiyo maana lenzi hiyo ilibaki kwenye D750.

D750 hiyo bado naitegemea pia kwa raga. Nikienda uwanja wa RFUEA, Barabara ya Ngong, napenda kumfuata mchezaji kwa kioo, kwa sababu ninachokiona ndicho kinachotokea sasa hivi. Z6 II inapiga hadi picha 14 kwa sekunde dhidi ya 6.5 za D750, lakini ukiisukuma hivyo, dirishani unaona picha zilizokwisha kupigwa, na winga akibadilisha mwelekeo ghafla umeshampoteza.

Betri nazo zinataka mipango. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengeneza kamera cha Japani, D750 inatoa picha 1,230 kwa chaji moja, Z6 II ikitazamwa dirishani inatoa 340. Harusini unapata zaidi ya hizo kwa sababu unapiga mfululizo, ila D750 bado inadumu zaidi. Betri zangu za zamani za EN-EL15 ziliingia na kufanya kazi. Kuchaji ndani ya kamera kwa waya wa USB kunakubali EN-EL15b na EN-EL15c tu, kwa hiyo nilinunua EN-EL15c na nikaipa nafasi ya kudumu kwenye mkoba pamoja na pawabanki.

Na vumbi. Ukitoa lenzi kwenye Z6 II kihisi kiko wazi kabisa, hakuna kioo wala shata iliyofunga mbele yake. Shughuli ikiwa Kitengela au Ruai wakati wa kiangazi, sibadilishi lenzi nje. Naingia garini, nafunga madirisha, naelekeza mdomo wa kamera chini.

Video sitaisema sana. D750 inaishia kwenye 1080p na fokasi yake ya video inatafutatafuta; Z6 II inapiga 4K na inamshika mtu anayetembea kuja kwako. Siku hizi maharusi wanataka vipande vifupi vya simu jioni ile ile, hivyo hilo nalo lilichangia uamuzi.

Nilinunua Z6 II ya mtumba kwa mkopo wa chama, na D750 sikuiuza. Mpya inabeba 85mm kwa sherehe na picha za maharusi. Ya zamani inabeba 80-200 kwa hotuba, ngoma na raga. Kadi za SD zinaingia kote, ingawa Z6 II ina nafasi moja ya SD na nyingine ya XQD au CFexpress, na kadi hizo za pili ni ghali, hivyo zipange kwenye bajeti.

Ukienda mjini kuulizia bei, beba lenzi zako zote. Soma maandishi kwenye kila moja: palipoandikwa AF-S italenga yenyewe kwenye FTZ, palipoandikwa AF peke yake, hata ikiwa na herufi D baada ya namba ya f, haitalenga. Zifunge moja baada ya nyingine, mwombe muuzaji asimame mlangoni, mwanga wa barabara ukiwa nyuma yake, uone kama kisanduku kitalipata jicho lake.